Chuma, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye nondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu na kuvuta nondo. Sasa nauza vifaa vya ujenzi, na haipiti siku bila mteja, fundi au mwanafunzi kuniuliza jambo kuhusu chuma. Maswali yenyewe hujirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Pale nilipokaa sana kwenye swali moja, ni kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha zao, na wakati mwingine hupoteza zaidi ya fedha.

Chuma, pua na feleji ni vitu vitatu au kimoja?

Madini ni yaleyale, kinachotofautiana ni kaboni. Chuma kitupu ni laini, hujikunja kirahisi na hakikai na makali. Kikichanganywa na kaboni kidogo, chini ya asilimia 2 na mara nyingi chini hata ya asilimia 1, hupata nguvu bila kupoteza unyumbukaji. Hicho ndicho wazee wa pwani walikiita pua. Mhunzi aliposema anatia pua kwenye shoka, alikuwa akiunganisha ukingo mgumu kwenye mwili wa chuma laini. Feleji ni pua iliyo bora, ile ya panga za fahari.

Siku hizi maneno yamehama. Dukani ukiomba chuma cha pua utapewa kile kisichoshika kutu, cha sinki na sufuria zinazong'aa, na aina nyingine zote tunaziita chuma tu. Nami nitafuata lugha ya dukani.

Kaboni ikipita asilimia 2 tunaingia kwenye chuma cha kusubu. Hiki hutiririka vizuri kwenye kalibu, hustahimili kukandamizwa, lakini hakikunjiki: ukikigonga kwa nguvu kinapasuka. Miguu ya cherehani za zamani, pasi ya mkaa na bloku za injini nyingi ni chuma cha kusubu. Nguzo nyembamba za Beit al-Ajaib pale Zanzibar, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, nazo ni za kusubu.

Jiwe hugeukaje kuwa chuma?

Jiwe la chuma ni kutu ya asili. Chuma kimeshikana na oksijeni tangu kale, na kazi yote ya tanuru ni kuviachanisha. Hematiti, jiwe jekundu, likiwa safi kabisa lina chuma asilimia 70 kwa uzito. Magnetiti, jiwe jeusi linalonata kwenye sumaku, lina asilimia 72. Mawe ya mgodini huwa na pungufu ya hapo kwa sababu yamechanganyika na mchanga na udongo.

Anayeiondoa oksijeni ni kaboni. Makaa ya mawe huokwa kwanza bila hewa, kwa joto linalozidi nyuzi 1,000, mpaka lami na gesi zitoke, yabaki mapande ya kijivu yenye vitundu yaitwayo koki. Koki huwaka, lakini pia hubeba mzigo. Tanuru kubwa lina kimo cha mita 30 na zaidi, na mkaa wa kuni ungesagika kuwa unga chini ya uzito huo. Ndiyo maana kazi ya Abraham Darby kule Coalbrookdale, Uingereza, mwaka 1709, ya kuyeyusha kwa koki badala ya mkaa, ilifungua njia: matanuru yakaanza kurefuka na miti ikapumua.

Mawe, koki na chokaa humiminwa juu kwa matabaka. Chini, hewa iliyopashwa hadi nyuzi 1,000 au 1,200 hupulizwa kupitia matundu yaliyolizunguka tanuru. Hapo koki huwaka kwa joto la karibu nyuzi 2,000 na kutoa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo ina uchu wa oksijeni. Inapopanda hukutana na mawe yanayoshuka, ikainyang'anya oksijeni kutoka kwenye chuma. Huchukua saa kadhaa mzigo kufika chini. Chokaa nayo hushikana na mchanga na uchafu, vikawa mavi ya chuma, ambalo ndilo neno la wahunzi tangu zamani, yanayoelea juu ya chuma kama povu juu ya sufuria ya nyama. Mavi hayo hayatupwi. Yakipozwa haraka kwa maji na kusagwa, huenda kwenye viwanda vya saruji.

Tanuru la namna hii likishawashwa huwaka usiku na mchana kwa miaka 15 au zaidi kabla ya kujengwa upya ndani. Likizimika likiwa na mzigo, chuma huganda tumboni mwake.

Kwa nini chuma kinachotoka tanuruni hakitumiki hivyohivyo?

Kimekunywa kaboni kupita kiasi, karibu asilimia 4, kwa sababu kimeshinda na koki muda wote. Lazima kaboni hiyo iunguzwe. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Wengi waliona ni wazimu, hewa baridi si itakigandisha? Lakini silikoni na kaboni vikiungua hutoa joto lake vyenyewe, chuma kikazidi kuchemka bila kuni wala makaa. Kilichomshinda Bessemer ni fosforasi, na hiyo ikapatiwa dawa na Sidney Gilchrist Thomas mwaka 1878, kwa kukandika ndani ya chombo mawe ya jamii ya chokaa badala ya yale ya mchanga.

Siku hizi hupulizwa oksijeni safi badala ya hewa, njia iliyoanza kutumika kibiashara kule Linz, Austria, mwaka 1952. Mamia ya tani hukamilika kwa kupuliza dakika 20 hivi.

Kaka, ni kweli nondo zetu zinatokana na skrepa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Viwanda vyetu vingi vya nondo huanzia kwenye skrepa, yaani vyuma chakavu, au kwenye mche wa chuma ulioagizwa nje. Mabati na mabomba huanzia kwenye koili zinazoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Skrepa si aibu. Duniani kote chuma huyeyushwa upya, na skrepa safi hutoa chuma kizuri sana. Shida ni neno hilo "safi", na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Tanuru tulilokuwa nalo ni la aina iliyoenea sana kwetu: chungu kikubwa kilichozungushiwa koili ya shaba. Umeme ukipita kwenye koili, unaamsha umeme mwingine ndani ya chuma chenyewe, nacho kinapata moto hadi kuyeyuka, nyuzi 1,600 na zaidi, bila ndimi za moto wala moshi wa makaa. Ni tanuru la bei nafuu na lenye kasi. Lakini linayeyusha tu, halisafishi vya kutosha. Tanuru kubwa la umeme la vijiti vya grafaiti linaweza kupuliziwa oksijeni na kutiwa chokaa nyingi ili kuondoa fosforasi. Hili letu limekandikwa mchanga wa kwatzi ndani, na chokaa nyingi ingeula mkandiko huo. Ulichokitupia ndicho utakachokipata.

Fosforasi ikizidi, nondo huwa kavu: inakatika fundi anapoikunja. Salfa ikizidi, chuma hupasuka kikiwa bado chekundu, na manganizi hutiwa ili kuishika. Hivyo viwili angalau vina dawa kwenye matanuru mengine. Shaba haina. Mota ya pampu ikitupwa nzima tanuruni pamoja na nyaya zake, shaba ile huingia kwenye chuma na haitoki tena kwa oksijeni wala kwa chokaa. Wakati wa kuvuta, shaba hujikusanya karibu na ngozi ya chuma na kuifanya ipasukepasuke. Bati jeupe la makopo nalo lina madhara ya namna hiyo.

Kwa hiyo mtu muhimu kuliko wote kiwandani ni yule anayekaa uani, juani, na nyundo na sumaku, akichambua. Nimewahi kumwona mzee akiokota kipande, akikigonga mara moja, akisikiliza, na kusema "hiki cha kusubu, weka kule". Hakukosea. Mara nyingi watu hao ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, na hilo bado linanisumbua moyoni.

Kuna hatari nyingine. Usiku mmoja shokapu ya lori ilipita bila kutobolewa. Ilipozama kwenye chuma kilichoyeyuka, mafuta na hewa iliyofungiwa ndani vilipasuka kwa mlio wa mzinga. Chuma kikaruka hadi kwenye paa, kikanyesha matone mekundu juu ya jukwaa lote. Mwenzangu aliungua bega na shingo, na ni bahati alikuwa ameshusha kioo cha kofia. Mtungi wa gesi, bomba lililozibwa ncha zote mbili, hata skrepa iliyonyeshewa mvua, vyote hufanya hivyohivyo. Maji kidogo chini ya chuma kilichoyeyuka ni bomu.

Halafu kuna swali la skrepa imetoka wapi. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Biashara ilifunguliwa tena Mei mwaka huohuo kwa masharti makali zaidi. Anayenunua kipande cha reli, mfuniko wa shimo la barabarani au pembe ya mnara wa umeme anajua anachonunua.

Chuma kikishayeyuka kinakuwaje nondo?

Kwanza huchotwa sampuli, hukatwa na kuwekwa kwenye mashine inayoipiga cheche na kusoma mwanga wake. Chini ya dakika moja unaona kaboni, manganizi, fosforasi na shaba kwa tarakimu. Mizani ikikaa sawa, chuma humiminwa kwenye kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji, kikatoka chini kama mche mrefu wa mraba wenye ngozi ngumu na moyo bado wa moto. Kiwandani mche huo huitwa bileti, na upana wake ni kama milimita 100 hadi 150.

Bileti hupashwa tena hadi nyuzi 1,100 au 1,200 na kupitishwa kati ya jozi nyingi za roli, kila jozi ikiuminya na kuurefusha. Jozi ya mwisho ndiyo huchonga zile mbavu unazoziona kwenye nondo, zinazoshikana na zege.

Kisha inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Nondo ikiwa bado nyekundu hupita kwa kasi ndani ya bomba linalomwaga maji kwa nguvu. Ngozi yake hupoa ghafla na kuwa ngumu mno. Moyo haujapoa. Inapotoka majini, joto la moyo hurudi nje na kuilainisha ngozi kidogo, basi unapata nondo yenye ganda gumu na moyo unaonyumbulika. Ukiikata, ukaisugua laini na kuipaka asidi, utaiona pete nyeusi imezunguka duara la kijivu. Pete iwe imekamilika na katikati. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine, maji hayakuwa yakimwagika sawasawa.

Nitajuaje nondo ninayouziwa ni kamili?

Ipime uzito. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo na hakijui kudanganya. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162: umepata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 ni 144 kugawa kwa 162, yaani kilo 0.89 kwa mita. Kwa urefu wa mita 12 ni kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya 16 ni kilo 19, ya 8 ni kilo 4.7. Viwango vinaruhusu pungufu la asilimia chache tu.

Mama mmoja alikuja dukani na nondo moja juu ya bodaboda, imekunjwa mara tatu, akaomba nimsaidie kuipima. Alikuwa ameshanunua sitini kama hiyo mahali pengine kwa ajili ya slabu ya ghorofa, zote kwa jina la milimita 12. Tuliinyoosha, tukapima urefu: mita 12 kasoro vidole viwili. Tukaitundika kwenye mizani: kilo 9. Nikampigia hesabu kwenye kipande cha boksi. Kilo 0.75 kwa mita mara 162 ni 121.5, na kipeuo chake cha pili ni 11. Alikuwa ameuziwa nondo ya milimita 11. Milimita moja haionekani kwa macho, lakini nguvu ya kuvutwa imepungua kwa takriban asilimia 16, na ameilipia yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa slabu yangu itaniua?" Nilimwambia azipeleke namba hizo kwa mhandisi wake kabla zege halijamwagwa, aongeze nondo au azibadili. Alifanya hivyo.

Kwa hiyo pima kabla ya kupakia. Angalia pia alama iliyochongwa kwenye mwili wa nondo, jina la kiwanda na daraja la nguvu. Namba 500 ina maana ya nyutoni 500 kwa kila milimita ya mraba kabla nondo haijaanza kurefuka bila kurudi. Nondo isiyo na jina la mzazi wake usiijengee.

Fundi wetu huipasha nondo moto ili aikunje kirahisi. Ni sawa?

Hapana, tafadhali mzuie. Ugumu wa ngozi ya nondo ulitokana na maji, na moto unaufuta. Nondo ikishaiva nyekundu kwenye kona, kona hiyo imerudi kuwa chuma dhaifu, na kwenye kona ndiko mzigo unakokaa. Nondo hukunjwa baridi, kwa kuzungusha kwenye pini yenye unene wa kutosha, taratibu. Ikipasuka ikiwa baridi, kosa liko kwenye nondo, irudishe ilikotoka. Vilevile usikubali achomelee ringi kwenye nondo kuu badala ya kuifunga kwa waya, isipokuwa mhandisi amesema.

Kwa nini zege za pwani hupasuka na nondo kuonekana?

Zege zima lina ukali kama wa chokaa, na ukali huo huiwekea nondo utando mwembamba unaoikinga. Chumvi ikifika, utando unatoboka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, mara mbili hadi mara sita, ikalisukuma zege kutoka ndani mpaka libanduke. Utaona kwanza ufa ulionyooka sambamba na nondo, kisha doa la kahawia.

Chumvi hupitia upepo, lakini mara nyingi tunaiingiza wenyewe kwa mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye munyu. Kama unajenga karibu na bahari, tumia mchanga wa mtoni, maji matamu, zege lililoshindiliwa vizuri, na uwache sentimita 5 za zege kati ya nondo na hewa. Vipande vya zege vya kuinulia nondo kabla ya kumwaga ni bei rahisi sana, ila mafundi wengi huweka vijiwe tu, vikasogea. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja ziliezekwa kwa boriti za mikoko na chokaa, bila nondo, na ugonjwa huu hazikuujua. Mitepe, majahazi ya kale ya pwani, nayo ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja.

Mabati yanatengenezwaje, na geji ni nini?

Koili ya chuma chembamba husafishwa, hupashwa moto, kisha hutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450 hivi na kutoka imevikwa pande zote mbili. Zinki hujitoa mhanga: ukilikwaruza bati, zinki ya jirani huliwa kabla ya chuma. Mabati mengine huvikwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki, hudumu zaidi kwenye mvua na jua, lakini hayapendi saruji mbichi wala samadi ya banda la mifugo.

Geji huwachanganya watu kwa sababu huhesabiwa kinyume. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 kama 0.3, na geji 32 jembamba zaidi. Usiulize geji peke yake. Uliza milimita, na uliza gramu ngapi za zinki kwa mita ya mraba. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu.

Chuma cha pua hakishiki kutu kwa nini?

Kina kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hushikana na hewa na kufanya ngozi nyembamba mno isiyoonekana, na ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Harry Brearley wa Sheffield alikitengeneza mwaka 1913 akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Aina ya jikoni huwa na kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Karibu na bahari hata hiyo hupata madoa, osha kwa maji matamu.

Wahunzi wetu wa mapanga wanatumia chuma gani?

Springi za magari, na wana akili sana. Springi bapa ya lori ina kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi kizuri kwa makali. Nondo na vyuma vya pembe vina chini ya nusu ya hiyo, hata ukivizamisha majini mara mia havikai na makali.

Ukitaka kujua umeshika nini, kigusishe kwenye grinda. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Kadiri kaboni inavyozidi, cheche huchanua kama maua na kupasuka karibu na jiwe. Mhunzi hukipasha hadi sumaku isikivute tena, karibu nyuzi 770, anapandisha moto kidogo, kisha anakizamisha kwenye mafuta. Hapo kimekuwa kigumu kama kioo na kingevunjika kikianguka. Anakisugua king'ae na kukipasha tena polepole akitazama rangi ikitembea: ikifika rangi ya majani makavu ni kisu, ikifika buluu ni springi. Kazi ile ya bomba la maji kiwandani na kazi hii ya macho ya mhunzi ni moja.

Babu zetu walijua kuyeyusha chuma, au walikipata kwa wageni?

Walijua, na kwa ustadi mkubwa. Magharibi ya Ziwa Victoria, kule Kagera, kumepatikana mabaki ya matanuru ya takriban miaka 2,000 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wamewahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuru upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery: udongo wa kichuguu, shimo lililojazwa matete ya kinamasi yaliyounguzwa, mkaa, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kutoka. Joto lilipita nyuzi 1,800 na chuma chenye kaboni kikapatikana. Wataalamu wengine wamebishana nao kama kweli hewa ilipata moto kiasi hicho mirijani. Kuhusu chuma chenyewe hakuna ubishi.

Ufipa walikuwa na njia nyingine: malungu, matanuru marefu kama mita tatu yanayovuta hewa yenyewe bila mvukuto, na chuma chake kikasafishwa baadaye kwenye tanuru dogo, kintengwe. Na al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyeandika mwaka 1154, alitaja chuma kuwa biashara ya Malindi, na chuma cha Sofala kikivuka bahari hadi India. Mtoto anayesoma kwamba chuma kililetwa na meli ananyimwa haki yake.

Liganga kuna mlima wa chuma. Mbona bado tunaagiza nje?

Liganga ipo Ludewa, mkoani Njombe, na makadirio yanayotajwa ni tani milioni 126, huku makaa ya mawe yakiwa jirani, Mchuchuma. Mkataba na mwekezaji kutoka China ulitiwa saini mwaka 2011. Mazungumzo ya masharti, fidia kwa wananchi na miundombinu vimekula miaka mingi.

Lakini kuna jambo la kitaalamu ambalo halisemwi vya kutosha. Jiwe la Liganga ni magnetiti yenye titani na vanadi. Titani kwenye tanuru la koki huyafanya mavi ya chuma yawe mazito kama ugali, yasitoke. Inawezekana: Panzhihua, katika jimbo la Sichuan, China, wanayeyusha mawe ya jamii hiyo kwa miongo mingi, ila iliwagharimu utafiti mrefu. Vanadi yenyewe ni mali, kiasi kidogo tu huongeza nguvu ya nondo na springi. Ningependa kuona vijana wetu wanapelekwa kujifunza huko kwanza, kabla ya kubishania asilimia za hisa.

Na moshi wake?

Kila tani ya chuma cha tanuru la koki hutoa karibu tani mbili za kaboni dioksidi, na dunia hutengeneza karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, zaidi ya nusu nchini China. Takriban nusu ya chuma chote huishia kwenye majengo na miundombinu. Skrepa kwa umeme hupunguza sana moshi. Njia nyingine ni gesi asilia, kama wanavyofanya Sohar, Oman, ambapo jiwe huondolewa oksijeni likiwa bado gumu, bila kuyeyuka. Uswidi wamejaribu haidrojeni badala yake, kinachotoka ni mvuke wa maji, na chuma cha kwanza cha namna hiyo kilipelekwa kwa mteja mwaka 2021. Sisi tuna gesi Mtwara na Songo Songo. Hesabu hiyo inafaa kupigwa.

Nina vyuma vya zamani nyumbani. Nifanye nini kabla ya kuuza?

Chomoa nyaya za shaba kwenye mota, uza peke yake, utapata bei nzuri na utaiokoa nondo ya mtu. Shokapu na mitungi mwambie mnunuzi waziwazi kwamba havijatobolewa, na usijaribu kuvitoboa mwenyewe kwa moto. Vya kusubu viweke kando. Na kama kuna springi ya gari, usiitupe kwenye mizani pamoja na mabati: mpelekee mhunzi, atakulipa zaidi, na huenda ukarudi nyumbani na panga.